UZI: Kulinda siti za gari zisichafuke, niliyojifunza baada ya kuziharibu za kwangu kwa ndoo na brashi

Siti_Krimu:

Wakuu habari za muda huu. Nimeona niufungue huu uzi maana siku hizi nikipanda gari la mtu naangalia siti kabla sijamsalimia mwenyewe, ni ugonjwa nimeupata tangu niharibu za kwangu na nitaeleza niliziharibuje ili mwenzangu usipite humo humo.

Gari langu lilikuja na siti za kitambaa rangi ya krimu. Siku ya kwanza unaona raha, ndani kunang'aa kama sebule ya mtu asiye na watoto. Miezi mitatu tu siti ya dereva ushaanza kupiga rangi ya chai mgongoni, ule ukingo unaoburuzia paja ukiingia umekuwa mweusi, na siti ya nyuma kuna duara la soda sijui ni la nani maana kila niliyemuuliza alikataa. Nikasema hapa dawa ni kuosha kwa nguvu. Nikachukua ndoo, sabuni ya unga, brashi ya kufulia, nikamwaga maji nikasugua kama nafua jinzi. Povu likatoka jeusi, nikafurahi kabisa, nikafuta juu juu nikafunga milango nikaenda kulala.

Siku ya pili yake duara la soda lilikuwa limekuwa kubwa kama sahani, lina mpaka wa kahawia pembeni kama ramani. Siti zimekauka ngumu. Wiki haijaisha gari linanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni, na vumbi sasa linanasa mara mbili ya mwanzo.

Baadae ndo nikaja kuelewa. Kile kitambaa unachokiona ni ngozi tu, chini yake kuna sponji nene, na ukimwaga maji sponji inakunywa yote pamoja na uchafu ulioyeyuka. Sasa siti inakaukia juu, maji ya chini yanapanda kufuata ukavu kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakifika juu yanatoweka na uchafu wanauacha pale pale. Ndo maana doa linarudi hata kama uliliona limetoka kwa macho yako. Na ile sabuni ambayo haikusuuzwa inabaki inanata, vumbi likipita linashikwa. Yani nilitega mtego wa uchafu kwa mikono yangu.

Kwahiyo msimamo wangu wakuu ni huu, maji yawe kitu cha mwisho kabisa, na kazi kubwa ifanyike siti ikiwa kavu na doa likiwa bado halijaingia. Nitaeleza ninavyofanya saivi.

Mchanga ndo adui namba moja japo hauachi doa. Punje za mchanga zina makali, zinashuka kwenye nyuzi, kila ukikaa na kujigeuza zinakata nyuzi kama msasa, kitambaa kinaanza kufanya manyoya manyoya na manyoya yanashika uchafu kuliko kitambaa kizima. Mimi napiga vakyumu kila wiki, na kabla ya kupiga napitisha brashi laini kinyume na ulalo wa nyuzi ili vumbi lipande juu, alafu kile kimdomo chembamba cha vakyumu nakipitisha kwenye ile mifereji ambako mgongo wa siti unakutana na kalio. Humo kuna maisha mengine kabisa, nimewahi kutoa funguo niliyoitafuta miezi.

Matope nayo, hapa wengi tunakosea. Mtu akipaka tope siti tunakimbilia kitambaa chenye maji, tope linageuka rangi linaingia ndani. Liache likauke kabisa. Likikauka linapasuka lenyewe, unalipiga brashi, unavuta na vakyumu, kinachobaki ni kivuli ambacho kitambaa chenye unyevu kidogo tu kinakitoa.

Kikimwagika cha maji maji, hapo ndo ukimbie. Usisugue! Weka taulo kavu au maikrofaiba juu ya doa, kandamiza kwa kiganja, geuza upande mkavu, kandamiza tena, anzia pembeni uende katikati ili doa lisitanuke. Ukisugua unalisukuma chini na unaharibu nyuzi. Kwenye gari langu hakukosi mataulo mawili chini ya siti ya mbele, na hayo mataulo mawili yameniokoa kuliko dawa zote nilizonunua.

Karibuni wadau, najua humu kuna mafundi.

---

Kimya_Kingi:

Naweka kambi hapa.

---

Nailoni_Forever:

Mkuu umejitesa bure. Mimi zile nailoni za kiwandani sijazitoa, mwaka wa nne huu, siti ziko kama zilivyotoka kwenye boksi. Mtu akimwaga kitu nafuta na tishu maisha yanaendelea. Nyie endeleeni na mataulo yenu 😂

---

Siti_Krimu:

Hahaha mkuu siti ni mpya lakini nani anazikalia? Umenunua gari ukakalia mfuko.

---

Fundi_Uzi:

Nimeshona siti miaka mingi, naomba niseme kwa Nailoni_Forever bila kukuudhi kaka. Nimefungua siti za namna hiyo nyingi. Nailoni haipumui. Jasho lako likipita kwenye mshono au pale nailoni ilipochanika kidogo haliwezi kutoka tena, jua likipiga kule ndani ni mvuke, na mvuke ukikosa pa kwenda unazaa ukungu. Nimetoa nailoni kwa mteja tukakuta vidoa vyeusi vya ukungu kwenye kitambaa ambacho hakijawahi kuguswa na mkono wa mtu, mwenye gari alikaa chini akashika kichwa. Na mchanga nao unaingia chini ya nailoni, ukikaa inasaga kitambaa polepole na wewe hauoni.

Kingine ambacho watu hawajui, magari mengi ya siku hizi yana eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka siku ya ajali kukukinga, pembeni ya mgongo wa siti ya mbele, angalia utaona kilebo kimeandikwa kwenye mshono. Ile inatoka kwa kupasua mshono. Ukiivalisha siti nailoni au kava iliyofungwa mwili mzima unaweza kuizuia au kuipotosha njia. Kava zipo ambazo upande huo umeachwa wazi au umeshonwa uzi dhaifu makusudi, kama kava yako haisemi chochote kuhusu eabegi usiivalishe siti za mbele. Nyuma angalia kitabu cha gari.

Alafu Siti_Krimu umesema vizuri kuhusu maji ila hujataja nyaya. Chini ya siti kuna soketi, nyingi za eabegi ni za njano, na kwenye sponji yenyewe mara nyingi kuna sensa ya kujua kama mtu amekaa, wengine wana na hita. Ndoo yako ile ingeweza kukuwashia taa ya eabegi kwenye dashibodi. Shukuru ulipata harufu tu.

---

Nailoni_Forever:

Dah. Hiyo ya eabegi sikuijua aisee. Naenda kuangalia kilebo.

---

Mama_Pacha:

Jamani nisaidieni, mimi nina watoto wawili wa miaka miwili na maziwa yamemwagika siti ya nyuma siku nne zilizopita. Nilifuta na maji ya moto na sabuni ya vyombo nikajua yameisha, saivi asubuhi nikifungua mlango nageuza uso. Juani ndo balaa zaidi.

---

Siti_Krimu:

Pole sana dada. Maji ya moto ndo yamekuponza, maziwa yana protini, ukiyapa moto protini inagandana kwenye nyuzi kama yai kwenye kikaango. Maziwa, damu, yai, matapishi, hivyo vyote ni maji ya baridi. Harufu ni bakteria wanakula kilichobaki, kwahiyo manukato ya kuning'iniza hayatasaidia, utapata harufu mbili.

Tafuta dawa ya vimeng'enya, zile zinazouzwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama wa ndani zinafaa kabisa. Vimeng'enya vinakata ile protini vipande vipande. Ila vinahitaji muda na unyevu, soma kwenye chupa wanasema dakika ngapi, usipulize na kufuta hapo hapo. Na usichanganye na jiki wala maji ya moto, unaviua kabla havijafanya kazi. Ipime kwanza kwenye sehemu iliyojificha. Ukimaliza nyonya na taulo kwa kukandamiza, acha madirisha wazi, kama kuna feni iweke ipulize mpaka pakauke kabisa.

---

Fundi_Uzi:

Na dada, kabla hujafanya hayo, nyanyua kiti cha mtoto uangalie chini yake, alafu nyanyua na kapeti la sakafuni. Maziwa yanafuata mteremko. Siti inaweza kuwa haina kosa, kumbe yote yako chini kwenye lile tandiko la chini ya kapeti.

---

Mama_Pacha:

Sawa kaka zangu nitaangalia kesho kukikucha, nitaleta mrejesho.

---

Mtoto_wa_Jinzi:

Wakuu mimi siti zangu za ngozi rangi ya kijivu nyeupe zimeanza kuwa za bluu upande wa dereva. Nimesugua kwa spiriti ikatoka kidogo alafu nikaona na rangi ya siti inakuja kwenye kitambaa nikaacha. Nifanyeje

---

Siti_Krimu:

Umeacha kwa wakati mkuu. Hiyo ni jinzi zako. Rangi ya bluu ya jinzi, ile indigo, haiingii mpaka moyoni mwa uzi, inakaa nje inauzunguka, ndo maana jinzi inapauka na ndo maana inaachia kwa msuguano. Jinzi mpya, siti nyepesi, jasho na joto, hapo umekamilisha kila kitu. Jinzi mpya ifue mara mbili tatu peke yake kabla hujaikalisha kwenye siti ya rangi nyepesi, na siku za mwanzo tandika kitu cha rangi nyepesi chini.

Sasa siti za ngozi za kwenye magari, nyingi sio ngozi tupu kama ya mkoba wa zamani. Imepigwa rangi alafu juu ikawekwa tabaka jembamba linaloangaza la plastiki, poliurethani. Unachosafisha ni lile tabaka. Spiriti inalila tabaka, ukimaliza tabaka uko kwenye rangi, ndo ulipofika wewe. Tumia dawa ya kusafishia ngozi iliyo laini, brashi ya manyoya laini, povu jingi maji machache, futa kila mara kabla halijakauka. Bluu ikikaa muda mrefu joto likaizamisha haitoki yote, tuseme ukweli.

Baada ya hapo paka kinga ya ngozi, sio yale mafuta ya kulainisha. Mafuta yakipakwa juu ya lile tabaka mengi hayaingii popote, yanabaki yanateleza na kunasa vumbi. Kinga inaweka tabaka jingine la kujitolea, jinzi inachafua lile badala ya siti, ukifuta linaondoka na bluu yake, baada ya miezi unapaka tena.

---

Bwana_Mkanda:

Kuhusu kinga, zile sprei za kitambaa zinafanya kazi kweli au ni kuibiwa? Nilipuliza kopo zima nikamwaga kahawa kwa makusudi nione, ikaingia yote.

---

Siti_Krimu:

Ulimwaga kahawa kwa makusudi kwenye gari lako 😂 wewe ni mwanasayansi.

Zinafanya kazi mkuu ila kuna masharti. Hebu nikupe hadithi kidogo maana naipenda. 1953 huko Marekani kwenye maabara ya kampuni ya 3M, wanakemia Patsy Sherman na Samuel Smith walikuwa wanahangaika na utafiti wa malighafi ya mpira, kemikali ikadondoka kwenye kiatu cha turubai cha msaidizi wa maabara. Wakajaribu kuitoa kwa sabuni, kwa spiriti, kwa hiki na kile, haitoki. Siku zikaenda kiatu kikachafuka chote isipokuwa pale ilipodondokea. Ndo ikazaliwa Scotchgard, kinga ya kupaka kwenye kitambaa, ikaingia sokoni 1956. Baadae ikaonekana kemikali ya aina ile inakaa kwenye mazingira na kwenye miili ya watu bila kuoza, na 2000 wenyewe 3M wakatangaza kuachana nayo wakabadilisha mchanganyiko. Kwahiyo ukinunua sprei yoyote leo soma nyuma ya kopo, kama wanasema haina PFAS, yani kemikali za ukoo huo huo zisizooza, mimi ndo naichukua hiyo, na kopo lolote unapuliza milango ikiwa wazi.

Masharti sasa. Siti iwe safi, maana ukipuliza juu ya uchafu umeufungia uchafu ndani. Iwe kavu kabisa mpaka kwenye sponji. Upulize tabaka jembamba, ukauke, jingine jembamba, sio kumwaga kopo zima kwa mpigo kama ulivyofanya. Alafu uache masaa yanayosemwa kwenye kopo, nyingi ni kama siku nzima, hapo hairuhusiwi kukaliwa. Na ujue haigeuzi siti kuwa jagi, kimiminika kinasimama juu kama vitone unapata dakika za kukinyonya na taulo, ukikiacha au ukikikalia kitaingia tu. Kahawa ya moto inaingia haraka kuliko ya baridi. Pale unapokalia inaisha mapema sababu ya msuguano, dondoshea maji tone moja, likizama ujue muda wa kurudia umefika.

---

Dereva_wa_Abiria:

Nyie mnaongelea gari la familia, mimi napakia watu usiku na mchana njooni huku muone. Nitasema ya kwangu kwa harakaharaka. Doa la mafuta usiweke maji, mwagia unga wa bekingi soda uache unywe hata saa zima, vuta na vakyumu, alafu ndo tone la sabuni ya vyombo. Bablishi, weka mfuko wa barafu juu mpaka iwe ngumu inavunjika yenyewe. Lipstiki na wanja ni kama mafuta, usisugue. Wino wa kalamu kwenye kitambaa ni spiriti kwenye pamba, kwa kugusagusa, ila jaribu kwanza pasipoonekana, na kwenye ngozi usithubutu, ya Mtoto_wa_Jinzi mmeyaona.

Nywele zenye mafuta ndo zinaniua, kwenye kile kichwa cha siti. Nimeshona foronya ndogo nne za vichwa, natoa nafua narudisha, sijawahi kujuta. Na mimi huwa nimeweka mifuko midogo ya takataka mlango wa nyuma, mtu akiiona anaitumia asipoiona anasukumia ganda kwenye mfereji wa siti.

Vumbi la barabara nalo, kwenye barabara ya vumbi funga vioo uweke kiyoyozi kwenye mzunguko wa ndani. Na muangalie filta ya kiyoyozi, kama gari lako linayo, wengi wanashauri kubadili kila kilomita 15,000 hadi 20,000 ila kwenye vumbi toa uiangalie mapema, ya kwangu niliikuta kama blanketi.

---

Kimya_Kingi:

Chini je? Mi naona uchafu wote unaanzia miguuni alafu unapanda.

---

Dereva_wa_Abiria:

Kweli kabisa mkuu. Zile raba za kutandika sakafuni zenye kingo zilizoinuka kama trei, zinashika matope na maji yote unatoa unakung'uta. Ila iwe ya gari lako hasa na ifungwe kwenye vile vishikizo vya sakafuni, na usiweke raba juu ya kapeti jingine. Raba ikiteleza inaweza kushika pedeli ya mafuta. Sio stori ya kutisha watu, 2009 Toyota waliyaita magari karibu milioni 3.8 Marekani kwa ajili ya hilo jambo. Siti safi alafu gari halisimami haina maana.

---

Bwana_Mkanda:

Na mikanda? Wangu upande wa dereva umekuwa mweusi pale unapopita shingoni na unarudi kwa uvivu.

---

Fundi_Uzi:

Uchafu ndo unaofanya urudi polepole. Uvute wote mpaka mwisho, ubane pale juu na kibanio ili usirudi, futa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni laini kufuata urefu wa mkanda, sio kukata. Uache ukiwa umevutwa mpaka ukauke kabisa. Jiki usiweke hata tone, inadhoofisha nyuzi, na hizo nyuzi ndo zinakushika siku ya ajali.

---

Mtoto_wa_Jinzi:

Kuna mtu wa Alcantara humu, kile kitambaa laini kama swedi? Usukani na siti za shemeji yangu zimelala zimekuwa zinang'aa kama goti la suruali ya zamani

---

Fundi_Uzi:

Ile sio ngozi ya mnyama, ni poliesta na poliurethani, Wajapani ndo waliibuni 1970. Inayong'aa ni mafuta ya mikono na jasho yamelaza manyoya. Kitambaa cheupe kilicholowa kikakamuliwa haswa, futa taratibu pande zote, acha ikauke, alafu inyanyue manyoya kwa brashi laini. Asipake kinga ya ngozi pale, atakuja kwangu analia.

---

Nailoni_Forever:

Wakuu nimerudi. Kilebo cha eabegi kipo kweli, pembeni kabisa, na nailoni ilikuwa imepita juu yake. Nimezitoa zote mbili za mbele. Upande wa abiria pako safi kama siku ya kwanza, upande wangu kuna kidoa cheusi mbili tatu chini mgongoni. Fundi_Uzi usicheke.

---

Fundi_Uzi:

Sicheki kaka. Peleka gari juani milango wazi, pakauke kwanza, alafu brashi kavu na vakyumu ukiwa umevaa barakoa, ukungu sio kitu cha kuvuta. Kikibaki kivuli futa na siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kitambaa kiwe na unyevu tu. Za nyuma nazo utoe.

---

Nailoni_Forever:

Za nyuma nipeni wiki moja ya kuziaga.

---

Mama_Pacha:

Mrejesho jamani. Siti haikuwa na kitu! Nimenyanyua kapeti nikakuta lile tandiko la chini limelowa chapachapa na limeganda, nilikuwa naosha mahali ambapo hapana kosa siku nne. Mume wangu amelegeza reli ya siti tumelitoa lile tandiko, limelowekwa kwenye maji ya baridi na ile dawa ya vimeng'enya, saivi liko kwenye kamba juani. Ila tumepata na kiatu kimoja cha mtoto, biskuti mbili na rimoti ya tv, hiyo rimoti tulishanunua nyingine.